Kinu cha Utupa

Siku ya kumi na tisa tangu mizani ya bonde la Lugombo ilale, Subilaga Mwankenja alishuka kwenye gari la ofisi mbele ya kituo cha kununulia chai, na hakuna aliyemwamkia. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Kwao Rungwe mtu hukutana na hasimu wake akasema "ndaga" kwanza, ugomvi ukafuata baadaye. Leo wanawake waliokaa juu ya magunia matupu walimtazama viatu, wakamtazama begi, kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Mzani wa kituo ulikuwa palepale, kioo chake kimezimika. Mtu mmoja alikuwa ametundika kanga juu yake, labda kwa kuchoka kuutazama. Si huo tu. Mizani yote ya bonde, ya chai, ya maziwa, ya parachichi, hata ule mdogo wa dukani wa kupimia sukari, ilikuwa imeunganishwa pamoja, na mwisho wa muunganiko huo ulikuwa mtoni. Huko kulikuwa na matundu saba ya waya, kila tundu na perege wanane, na kila perege ameshonewa kwenye shavu uzi mwembamba kama unywele unaohesabu pumzi zake. Perege wakipumua vizuri, mizani inapima. Nusu ya tundu moja wakifa, mizani ya bonde zima inalala, na kitu kisichopimwa hakiruhusiwi kuuzwa wala kununuliwa popote nchini. Watoto wa shule ya awali waliimba wimbo juu ya hilo.

Waliotunga Sheria ya Mito hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoshwa. Zamani mtu alitia sumu mtoni, kesi ikaendeshwa miaka tisa, mashahidi wakazeeka, na mwisho wa yote faini ikawa ndogo kuliko mafuta ya gari la wakili. Kwa hiyo wakamwondoa mwendesha mashtaka, wakawaondoa mashahidi, wakaliondoa hata neno adhabu. Adhabu inataka mahakama, na mahakama inataka kosa lithibitishwe pasipo shaka. Wao wakaweka tozo. Tozo inamtaka msajili mmoja tu, na siku ishirini na moja. Msajili akiandika jina la yule ambaye mkono wake ulikuwa wa mwisho kuyagusa maji kabla samaki hawajafa, mzigo unaondoka kwa bonde zima na kumwangukia huyo peke yake. Asipoandika jina, bonde linalala hadi msimu uishe.

Msajili wa Lugombo alikuwa Subilaga. Kwa miaka minane alikuwa ameipenda sheria ile kama mtu anavyoipenda nyumba yake mwenyewe, huku akijua vizuri inavuja wapi.

Mwenyekiti wa kitongoji, Gwakisa, ndiye pekee aliyemsogelea. Hakupiga kelele. Alimweleza kwa sauti ya kuishiwa nguvu kwamba chai imekomaa shambani haifai tena kuchumwa, kwamba watu wanawapa ndama maziwa hadi ndama wanaharisha, kwamba shule ya bweni imewarudisha watoto nyumbani kwa kuwa mpishi hawezi kununua hata debe la mahindi. Kisha akamuuliza kama amepata jina. Subilaga akamjibu kwamba bado siku mbili. Gwakisa akatikisa kichwa, akasema hizo mbili ni za ofisi, za kwao zilikwisha wiki iliyopita.

Jina hakuwa nalo bado, ila alikuwa na karatasi ya maabara mfukoni. Mstari wa kwanza ulisema perege wa tundu la sita waliuawa na utupa, ule mmea wa sumu ya samaki, Jumamosi, saa tano asubuhi. Mstari wa pili, ambao hakumwonyesha mtu, ulisema mifupa ya perege haohao ilikuwa imejaa shaba, na kwamba shaba hiyo ilikuwa ikiingia kidogo kidogo kwa muda wa miezi kumi na minne. Utupa ndio uliowaua. Shaba ilikuwa imewadhoofisha zamani.

*

Kati ya tundu la tano na la sita palikuwa na nyumba tatu tu. Ya kwanza ilikuwa na kufuli, wenyewe wamehamia Tunduma. Ya pili ilikuwa ya mwalimu mstaafu asiyefuga hata paka. Ya tatu ilikuwa ya Tusekile, mjane wa miaka sitini na ushee, ambaye wote walimwita Mama Ambwene kwa jina la mwanawe aliyekwenda kutafuta maisha Lusaka. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, ndama mmoja, migomba, na kipande cha chai kisichomfikisha popote.

Subilaga alikuwa amejiandaa kumzungusha kwa maswali, kama alivyofundishwa. Hakupata nafasi. Walisalimiana, akapewa kigoda, akaletewa maji ya kunywa, na kabla hajarudisha kikombe mwenyeji wake akaanza mwenyewe.

"Jumamosi ile ni mimi, mwanangu. Nimekungoja siku nyingi. Nilidhani mtakuja na polisi."

Akasimulia bila kupunguza wala kutia chumvi. Kupe walikuwa wamemwandama ndama hadi akashindwa kusimama. Dawa ya dukani ilikwisha pigwa marufuku na Sheria ileile ya Mito, na badala yake bwana mifugo aligawa karatasi nyumba kwa nyumba: chuma majani ya utupa, yatwange, yaloweke, yachuje, mpake mnyama kwa kitambaa. Alifanya yote, hatua kwa hatua, na mjukuu wa jirani alimsomea pale macho yalipogoma. Ndama alipona. Ndipo akakusanya kinu, mchi, ndoo na machicha, akavibeba hadi mtoni kwa safari mbili, akaviosha vyote na kumwaga yaliyobaki.

"Kwa nini mtoni, mama?" Subilaga aliuliza.

Mama Ambwene alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kinu cha sumu ningekioshea wapi? Hapa uani, kuku wanapodonoa na watoto wanapokaa? Mama yangu alinifundisha kinu cha utupa hakioshwi nyumbani. Kinapelekwa kwenye maji yanayokwenda, yaende nayo."

Bibi yake Subilaga mzaa mama alifanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba siku za bibi yake mto Lugombo ulikuwa unafika kiunoni mwaka mzima, na utupa wa kinu kimoja ulipotelea humo pasipo samaki hata mmoja kujua. Sasa, kiangazi, mto ulifika kwenye vifundo vya miguu. Na ile karatasi ya bwana mifugo aliijua pia. Ilipita mezani kwake kabla haijachapwa, akaisoma, akaigonga muhuri. Ilieleza kila kitu hadi pale mnyama anapopakwa, kisha ikaishia hapo. Hakuna aliyefikiria kumwelekeza mtu jinsi ya kuosha kinu.

Alijaribu kumweleza yule mama kitakachotokea jina lake likiandikwa. Tozo ingehesabiwa kwa samaki waliokufa na kwa hasara ya siku zote ambazo bonde lililala. Anayeweza kulipa analipa na mambo yanaisha. Asiyeweza, mizani inafutiwa mkono wake kwa miaka saba. Kila anayeuza na kila anayenunua huweka kiganja kwenye mzani kabla haujapima, na kwake yeye mizani yote nchini ingekuwa kama haijaona mtu. Asingeuza lita moja ya maziwa wala kununua robo kilo ya chumvi, na jirani ambaye angemuuzia kwa kiganja chake naye angefutwa.

Mama Ambwene alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama ni kweli watoto wa shule wamerudishwa nyumbani, na aliposikia kwamba ni kweli, akashika tama.

*

Kwenye nyumba ya wageni, Subilaga alimkuta mtu anamsubiri kwenye baraza na birika la chai ya tangawizi. Alikuwa Wakili Joachim Rutaihwa, ambaye chuoni alimtangulia mwaka mmoja na kumwazima madaftari, na ambaye sasa aliitetea Kampuni ya Mbalamo, wenye mashamba ya parachichi ya mlima wote wa juu. Alikuwa mtu wa adabu, na Subilaga alikuwa akimpenda kwa hilo, jambo lililomfanya awe mwangalifu zaidi.

Rutaihwa hakupoteza muda. Mbalamo walikuwa tayari kuandikwa. Wangetia saini jioni hiyohiyo kwamba mkono wa mwisho ulikuwa wao, wangelipa kesho asubuhi, na kabla ya adhuhuri bonde zima lingekuwa linapima chai.

"Najua ni bibi mmoja huko juu," alisema kwa upole. "Bonde halina siri. Dada Subilaga, sisi tunaweza kulipa na yeye hawezi. Niambie nani ataumia."

Ilisikika kama huruma, na pengine kwa upande wa Rutaihwa ilikuwa huruma kweli. Lakini Subilaga alikuwa na ule mstari wa pili wa maabara mfukoni. Shaba ilitoka kwenye dawa ya ukungu inayopuliziwa parachichi, na parachichi juu ya tundu la sita zilikuwa za Mbalamo tu. Kwa miezi mingi alikuwa akiwafuatilia polepole. Alikuwa na picha za bomba lililofukiwa chini ya nyasi kutoka kwenye tangi lao la kuoshea mitungi ya dawa hadi ukingoni, na bomba halijifukii lenyewe.

Sheria ilikuwa na vifungu viwili ambavyo wote wawili pale barazani walivijua kwa kichwa. Kifungu cha tisa kilisema hakuna atakayetozwa mara mbili kwa kipindi kimoja, na kipindi kilihesabiwa tangu maji yalipopimwa mara ya mwisho yakakutwa safi. Kiliwekwa kuwalinda wanyonge. Mara ya mwisho maji yale kukutwa safi ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita. Mbalamo wakilipia kinu cha utupa, watakuwa wamelipia na shaba, na bomba, na kila walichomwaga katika miezi hiyo, na faili halitafunguliwa tena.

Kifungu cha kumi na nne ndicho walichokuwa wanakikimbia. Kilisema anayechafua maji kwa makusudi hafunguliwi kwa kulipa. Mizani yake inalala mpaka mto upone, hata ikichukua miaka kumi. Hicho peke yake ndicho kilichoweza kuwagusa watu wenye uwezo, kwa kuwa hakikununulika. Subilaga alikuwa akikingojea kama mtu anavyongoja mvua.

Jioni mkuu wake alimpigia simu. Alikwisha pata habari. Alisema kampuni ikikubali yenyewe, msajili hana sababu ya kumtafuta bibi kizee, na akamkumbusha kwamba watu elfu nne wanamwangalia. Subilaga alimwambia atalala nalo. Hakulala, na kulipokaribia kupambazuka alikuwa amekata shauri. Angewaandika Mbalamo. Angelibeba jambo la bomba moyoni mwake maisha yake yote, lakini asingemfuta mwanamke aliyefuata karatasi ambayo yeye mwenyewe aliigonga muhuri.

*

Alipanda tena kwa Mama Ambwene ili amtoe wasiwasi. Alidhani atamkuta analia. Alimkuta anamkamua ng'ombe wa kwanza na hakuacha kumkamua.

Subilaga alimweleza kwamba amepona, kwamba kuna watu watalipa. Mama Ambwene aliuliza ni akina nani, na aliposikia ni Mbalamo akauliza wanapata nini. Hilo lilikuwa swali ambalo mkuu wa ofisi hakuliuliza. Subilaga alijaribu kulikwepa, kisha akaona aibu, akasema yote: shaba, bomba, vifungu viwili.

Mama Ambwene alisogeza ndoo pembeni.

"Yaani wakilipia kosa langu, lao limekwisha."

"Ndiyo, mama."

"Basi usiwauzie. Kosa ni langu, sikuwapa. Niandike mimi."

Subilaga akamrudia habari ya miaka saba, pengine kwa ukali kuliko alivyokusudia. Mama Ambwene alisema migomba haisubiri mzani na kwamba hatakufa njaa. Alisema watu wa chini, wanaokunywa yale maji, ndio dada zake na shemeji zake. Alisema pia kwamba anaogopa sana. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Ukiniandika mimi, hao wengine utawafunga kweli?"

"Kifungu kipo. Ushahidi ninao."

"Sijauliza kifungu. Nimekuuliza wewe."

"Nitawafunga, mama," Subilaga alisema. "Nakuahidi."

Aliandika cheti siku hiyohiyo ya ishirini, kwenye meza ya nyumba ya wageni, jua likiwa bado juu. Jina lilikuwa jepesi kuandika. Kilichomtoa jasho ni sehemu ya Sababu. Baraza la Mito kule Mbeya lilikuwa na tabia ya kurudisha cheti chochote kinachoacha mlango wa huruma wazi, na huyu hapa alikuwa mtu asiye na nia mbaya, aliyefuata maelekezo ya serikali. Cheti kikirudishwa, siku zingekwisha, bonde lingelala msimu mzima, na Rutaihwa angerudi na kalamu yake. Ilibidi aufunge mlango huo asibakize ufa.

Akafuta mara tatu. Mara ya nne sentensi ilikuja yenyewe: *Sheria ya Mito haiulizi mtu alitaka nini, inauliza mto umepatwa na nini.* Aliisoma kwa sauti chumbani peke yake. Alifikiri kuongeza "katika kifungu hiki", maneno matatu, kwa usalama. Akayaandika, akayaona yanaivuta sentensi mkia, akayafuta. Katikati ya huzuni yote ile alijisikia, kwa dakika moja, fahari ya fundi.

Baraza lilipitisha cheti bila swali. Asubuhi iliyofuata kioo cha mzani wa chai kiliwaka, na wanawake walewale waliokuwa juu ya magunia walipiga vigelegele. Gwakisa alimpa Subilaga mkono kwa mikono miwili. Aliyemwamkia alimwamkia, aliyemletea ndizi alimletea. Hakuna aliyelitaja jina la Mama Ambwene mbele yake, ingawa wote walikuwa wamekwisha lisoma.

*

Kesi ya Mbalamo ilisikilizwa mwezi wa nne baada ya hapo, mbele ya Baraza la watu watatu. Subilaga alipeleka picha za bomba, vipimo vya shaba, na barua ya meneja iliyoagiza bomba lifukiwe "lisionekane na wapita njia". Hakuwahi kuwa na faili safi kama lile. Aliwasomea kifungu cha kumi na nne taratibu, akiwa na uhakika.

Rutaihwa alisimama akakubali kila kitu. Bomba ni lao. Shaba ni yao. Barua ni ya meneja wao. Hawapingi tozo hata chembe. Wanachouliza ni kitu kimoja tu: je, Baraza lina mamlaka ya kuuliza mteja wake alikusudia nini?

"Kwa heshima zote," alisema, "Baraza hili limekwisha jibu." Akafungua karatasi, akasoma kwa sauti isiyo na kejeli yoyote: "Sheria ya Mito haiulizi mtu alitaka nini, inauliza mto umepatwa na nini. Hayo ni maneno ya Msajili mwenyewe, na yalipitishwa na Baraza hili, dhidi ya mwanamke ambaye kila mtu anajua hakutaka baya. Kwa misingi hiyo amefungwa miaka saba. Kama nia haikuwepo pale ilipoweza kumwokoa maskini, itatokea wapi leo?"

Subilaga aliinuka. Alisema sentensi ile ilihusu kifungu cha tozo tu. Mwenyekiti wa Baraza, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimwomba amwonyeshe mahali iliposema hivyo. Cheti kilikuwa mbele yake. Alikitazama muda mrefu mno, kwa kuwa kukitazama kulikuwa rahisi kuliko kuinua uso. Kisha akasema haikusema hivyo.

Uamuzi ulitoka kabla ya mapumziko. Baraza lilisikitika, lakini lingekuwa dhuluma kumhukumu mmoja bila kujali nia na mwingine kwa nia. Kifungu cha kumi na nne kisingetumika tena hadi Bunge litoe ufafanuzi. Mbalamo walipe tozo. Mizani yao, iliyokuwa imelazwa saa tatu asubuhi kesi ilipoanza, iliamka saa sita kasoro robo, malipo yalipoingia.

Ukumbini Rutaihwa alimsubiri amalize kukusanya karatasi zake. Hakuonekana mwenye furaha. "Ni sentensi nzuri, dada," alisema. "Wenzangu wameanza kuinakili. Kuna kesi za mito mitano."

*

Alikwenda kwa Mama Ambwene siku iliyofuata kwa sababu hakutaka asikie kwa mtu mwingine. Njiani alipita kando ya tundu la sita, ambalo lilikuwa na perege wapya, wadogo, waliotolewa bwawa la serikali.

Nyumba ilikuwa safi kama kawaida. Ng'ombe alikuwa mmoja. Wa pili alikufa kwa homa, maana dawa hununuliwa kwa kipimo. Kifurushi ambacho Ambwene alikituma kutoka Lusaka kilirudishwa mpakani, kwa kuwa vifurushi hupimwa. Majirani hawakuwa wabaya. Walileta chumvi ya kushika kwa vidole, ambayo sheria haikuihesabu, na waliileta mmoja mmoja ili isije ikaonekana nyingi. Mama Ambwene alikuwa amekonda usoni. Alimpa mgeni kigoda na maji, akakaa mbele yake.

"Umewafunga?"

"Ndiyo, mama. Wamefungwa."

"Muda gani?"

Subilaga alikuwa ameandaa maelezo marefu, ya Baraza, ya Bunge, ya rufaa. Aliyaacha yote.

"Jana, tangu saa tatu asubuhi," alisema. "Mpaka kabla ya chakula cha mchana."

Mama Ambwene alisubiri, akidhani kuna mengine. Alipoona hayapo, akauliza ilikuwaje. Subilaga akamwambia. Hakujificha nyuma ya mtu. Alimsomea ile sentensi neno kwa neno, akamwambia nani aliiandika na kwa nini, akamwambia na yale maneno matatu.

"Uliiandika ili bonde lipone," Mama Ambwene alisema polepole, kama mtu anayemtafutia mwenzake pa kushika.

"Niliiandika ili nikufunge wewe. Imewafungua wao."

"Kwa hiyo siku ile ningenyamaza, ukawaandika..."

"Wangelipa. Kama walivyolipa jana. Na kile kifungu kingebaki hai, kwa siku nyingine, kwa mto mwingine." Subilaga alijilazimisha kumalizia. "Na wewe ungekuwa na ng'ombe wako wawili."

Mama Ambwene hakulia wala hakumlaani. Ingekuwa nafuu kwa Subilaga kama angelaani. Alitazama mikono yake, kiganja kimoja kisha kingine, kwa umakini wa mtu anayetafuta mwiba. Aliuliza imebaki miaka mingapi. Subilaga akamwambia sita na miezi minane.

Bandani ng'ombe alilia, kiwele kimemjaa. Mama Ambwene akainuka, akachukua ndoo, na Subilaga akamfuata kwa kuwa hakujua la kufanya na miguu yake. Alimshikia ng'ombe kamba. Maziwa yalijaa ndoo, mazito na ya moto. Mama Ambwene alijaza vikombe viwili, wakanywa wakiwa wamesimama. Yaliyobaki walichimbia shimo kwenye migomba, mbali na mto, wakayamwaga humo.